Gari Lililopakwa Mafuta ya Papa

Kwa miaka mingi niliamini, tena kwa moyo mweupe na bila kulazimishwa na mtu, kwamba gari jekundu la Dereva lilitapikwa na nyangumi. Naomba msicheke kabla sijamaliza. Nyangumi mwenyewe tulimwona. Maji yalimtupa pwani ya Kilwa Masoko akiwa amekufa, mkubwa kama msikiti wa Ijumaa ukijumlisha na madrasa yake, na alivunda mpaka watu wa Nangurukuru wakawa wanakula wameziba pua. Wiki ileile, asubuhi, watu wanashuka ufukweni, wanakuta gari. Jekundu, fupi la kimo, refu la pua, limelowa maji ya chumvi, limekaa mchangani peke yake na linanuka samaki. Sasa mtu mwenye akili zake afanyeje? Nyangumi huyu hapa, gari hilo hapo. Niliunganisha mara moja. Nikasimulia kila baraza nililokaribishwa, na kila niliposimulia nyangumi aliongezeka urefu.

Aliyekuja kulichukua gari lile pale mchangani ndiye Dereva. Sikuwahi kumsikia mtu akimwita jina lingine. Mkewe alimwita Dereva mbele ya wageni, na wageni wakiondoka alimwita "wewe". Alikuwa amefanya kazi upande wa Lindi, akimwendesha Mtaliano mwenye shamba la mkonge. Serikali ilipoyachukua mashamba, yule bwana alifunga virago akaenda kwao, na Dereva akarudi kwetu na gari. Ukimuuliza gari la nani, alikuwa na neno moja tu.

"Amana."

Basi. Kwetu sisi neno hilo linafunga mdomo. Mtu akisema kitu hiki ni amana, amewekeshwa, huombi kukiazima, huulizi bei, na ukikiegemea unaomba radhi. Tukajua kwamba iko siku bwana atarudi kuchukua gari lake. Hilo la bwana na la nyangumi niliyaamini yote mawili kwa pamoja, na hayakuwahi kugombana kichwani mwangu. Nilijiambia nyangumi alilimeza huko Lindi.

Dereva alikuwa mtu wa ajabu hata bila gari. Kwanza, alitembea kwa miguu. Kutoka Mitole mpaka Masoko, jua la kupasua mawe, yeye anatembea, na lori likisimama kumpakia anashukuru kwa adabu na kuendelea. "Nimewaendesha watu vya kutosha," alisema, "sitaki tena kuendeshwa na mtu nisiyemjua." Baiskeli aliiogopa waziwazi. Mtu akipita na baiskeli, Dereva anaingia kichakani mpaka baiskeli ipotee. Mtu huyohuyo, wanasema waliokuwa Lindi, alikuwa akilipeleka gari lile katika barabara iliyonyooka ya shambani kwa mwendo ambao kanga waliruka wakiwa tayari wamechelewa.

Tena alikuwa mwepesi wa kutoa. Alimpa jirani kitanda chake kwa ajili ya mgonjwa, mgonjwa akapona, kitanda hakikurudi, na Dereva akalala kwenye jamvi miaka yote bila kukitaja. Jembe lake lilikuwa la kila mtu. Korosho zake alizianika nje na kila apitaye alitia mkono. Lakini ukimwomba skrubu moja ya gari, skrubu tu, ya kukazia mpini wa panga, alikutazama kama uliyemwomba jicho.

Sasa niseme habari ya utunzaji, maana hapo ndipo watu walipomwona ana wazimu, na hapo ndipo mimi nilipompenda. Chumvi ya pwani yetu inakula chuma kama mchwa. Ukisahau shoka nje, ukirudi unakuta mpini. Dereva hakuwa na dawa za magari. Alichokijua ni namna watu wa Masoko wanavyotunza vyombo vyao, naye akalitunza gari kama chombo. Juu, kwenye ile rangi nyekundu, alipaka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo wavuvi hupaka mbao zisiliwe na jua. Chini, tumboni mwa gari, alipaka deheni, ile ya chokaa na mafuta ya mnyama wanayopaka mkuku wa mashua. Kila Ramadhani ikikaribia alilikwangua na kulipaka upya, kama vile kesho linashushwa majini.

Lilinuka! Nawaambia, lilinuka kiasi kwamba paka wote wa kijiji walihamia kwake. Mgeni aliyetafuta nyumba ya Dereva hakuhitaji kuuliza njia, alifuata pua. Mkewe alidai kwamba hata pilau yake ya Idi ilikuwa na ladha ya papa ilhali alipika kuku. Lakini ukifuta kidogo kwa kitambaa, chini ya ule utelezi, wekundu ulikuwa unakutazama kama embe dodo bivu. Hapakuwa na kutu hata ya kutia kwenye kidonda.

Na Ijumaa, akitoka msikitini, alinawa miguu kwa birika, akafungua mlango wa gari na kulitia gia. Gari lenyewe lilikaa juu ya magogo ya mnazi, magurudumu yakining'inia. Kisha alikwenda nyuma akalizungusha gurudumu kwa mikono, taratibu, mpaka unasikia ndani kwa mbali kitu kikivuta pumzi. "Mashine isipojinyoosha inaganda," alisema. "Kama wewe ukikaa sana kwenye kahawa."

Kisomo cha ngumbaro kilipokuja kijijini, nami nikiwa mchuuzi wa ng'onda, hao samaki wakavu, mwenye ndevu tayari, mwalimu wetu alikosa vifaa. Akaomba ruhusa kwa Dereva, tukapangwa mstari mlangoni mwa gari, tukasoma namba kwenye saa ya mwendo. Namba yangu ya kwanza kubwa kuisoma bila kusaidiwa ilikuwa mia tatu. Nilipiga kelele. Nikatoka nje nikatangaza kwamba gari hili linatoka Kilwa linafika Lindi kabla chai yako haijapoa. Mpaka leo sijaona sababu ya kupunguza neno.

Wakati wa kuhamia vijijini ulipofika, Dereva aliambiwa atoke katika kitongoji chetu cha zamani, ahamie Mitole pamoja na wengine. Watu walibeba milango na vinu vichwani. Gari halikuwa na petroli wala tairi lenye upepo. Kiongozi mmoja akasema liachwe. Dereva hakubishana. Alikwenda Masoko akarudi na wavuvi, wakapanga magogo ya mnazi mbele ya gari kama wanavyovuta mashua kuipandisha pwani, wakafunga kamba, na mmoja akaanza kuwaimbisha. Gogo la nyuma linatolewa, linakimbizwa mbele, gari linateleza juu yake na deheni yake tumboni kama lilizaliwa kwa kazi hiyo. Nusu ya wilaya ilivuta kamba ile. Wanawake walipiga vigelegele. Bibi mmoja, akiona kile kitu chekundu kinapita kwenye mihogo yake, aliuliza harusi ni ya nani.

Huko Mitole ndiko shari ilikokuja. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtani wa Dereva, na tangu ujana wao walitukanana kwa raha, kila mmoja akimwambia mwenzake atakufa kwanza na sanda atanyimwa. Lakini mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imekufa kabisa, injini yake imepasuka, na wanawake wamerudia kutwanga mpaka viganja vinatoka damu. Mkewe Mwenyekiti mwenyewe alimwonyesha viganja. Basi siku moja kamati nzima ikaja uani kwa Dereva, nami nikiwemo kwa sababu nilikuwa naleta samaki.

"Shikamoo, Dereva," alisema Mwenyekiti kwa mzaha, maana walikuwa rika moja.

"Marahaba, kijana. Umekuja kuomba sanda?"

"Nimekuja kuomba injini."

Dereva aliweka chini kitambaa chake cha mafuta. Hata paka waligeuza vichwa.

"Ndugu," Mwenyekiti akaendelea, na sasa mzaha ulikuwa umekwisha, "gari hili halina mwenyewe. Mtaliano amekwenda, harudi. Limekaa linalishwa papa, na wake zetu wanatwanga. Tumeamua. Tutatoa injini tuifunge kwenye mashine. Bodi utabaki nayo, ufugie kuku."

"Ni amana," Dereva alisema.

"Amana ya nani? Aje mwenyewe aseme!"

Nilimwona Dereva akifungua mdomo. Akaufunga. Sijawahi kuona mtu akimeza neno kubwa namna ile, lilishuka kooni kama muhogo mkavu. Mwisho akasema, "Nipeni mpaka Idi ipite. Nikishindwa kuwaletea injini ya kusaga, chukueni hii."

"Utaitoa wapi injini wewe, mla mafuta ya papa?"

"Wewe ngoja. Ukifa kabla, nitasaga unga wa hitima yako."

Walicheka, lakini mimi niliyekaa karibu nilimwona Dereva amesimama akiuzuia mlango wa gari kwa mgongo. Tangu siku ile hakulala vizuri, mkewe alinieleza. Usiku alitoka kwenda kuligusa gari, kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa.

Mpango wake ulikuwa mmoja tu, na ulihusu Mtaliano mwingine. Wakati ule Songo Songo walikuwa wanachimba kutafuta gesi, na mmoja wa wataalamu, mtu mnene mwenye moyo laini, aliwahi kupita kwetu akifuata maji ya kunywa. Alipoingia uani kwa Dereva na kufunuliwa turubai lililofunika gari, alipiga magoti. Siongezi hapa. Alipiga magoti kwenye mavi ya kuku. Akaligusa gari, akanusa vidole vyake, akashangaa, akaligusa tena.

Dereva alimkaribisha kwa Kitaliano alichojifunza kwa bwana wake, kwa heshima zote, mkono kifuani. Yule mtu akabaki mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe Kitaliano cha Dereva chote kilikuwa kile ambacho bwana wake alikisema tairi likipasuka.

Baadaye, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, alitueleza gari lile ni kitu gani. Alisema magari ya namna hii hayakutoka kiwandani kama sufuria. Kulikuwa na karakana ndogo kwao, wazee wachache, wakigonga bati kwa nyundo za mbao juu ya umbo la mti, kwa jicho na kiganja, mpaka ubavu ukae unavyotaka kukaa. Ndiyo maana ubavu wa kushoto na wa kulia haukulingana sawasawa, na akatushika mikono tupapase tuone. Mashine yake ilikuwa na silinda kumi na mbili, na walioijua waliisikia kwa mbali wakaacha kula. Yalitengenezwa machache, mengine yakaungua mashindanoni, mengine yakagongwa na watoto wa matajiri. Yaliyobaki watu wanayatafuta dunia nzima, na wakipata moja wanauliza kwanza: lilitoka wapi, lilipita kwa nani, nani alilishika.

"Hili," akasema, "lilipita kwa nani?"

Nikamwambia habari ya nyangumi. Alinisikiliza kwa makini sana. Nadhani alitaka kuniamini.

"Kugonga bati kwa jicho," Dereva alirudia, akitafakari. "Kama mafundi wa vyombo wa Masoko. Hawana kipimo, lakini chombo chao hakipindi." Akapapasa ubavu wa gari mara ya pili, na nilimwona amefurahi kama aliyeambiwa kwamba mkwewe ni ndugu yake wa damu.

Yule mtaalamu alitaka kulinunua palepale. Dereva alikataa kwa neno lake lilelile, na yule mtu akaondoka akiangalia nyuma mpaka akajikwaa.

Sasa, Mwenyekiti alipotoa muda, Dereva alitembea mpaka pwani, akapanda chombo cha kwanza kilichokwenda Songo Songo, yeye asiyependa kuendeshwa, akatapika njia nzima. Alimkuta yule mtu kambini. Ombi lake lilikuwa hili: pale kambini mna injini kuukuu za dizeli zimewekwa pembeni. Nipeni moja inayozunguka, iende ikasage mahindi Mitole. Nami nitakupa gari uliendeshe, siku moja, kwenye uwanja wa ndege wa Masoko.

Niliposikia nilishtuka. Mtu huyu hakukubali kutoa skrubu! Tena amana, mali ya mtu, unaikodishaje kwa mgeni? Nilimuuliza mkewe. Aliendelea kupepeta mchele wake. "Ameona inafaa," alisema. Nikajiambia njaa ya kijiji imemlainisha, na sikuuliza zaidi.

Baada ya Idi lori la kambi lilikuja na injini ya dizeli, matairi, betri na pipa la petroli. Mafundi wao walikaa na Dereva siku kadhaa wakisafisha mabomba na kulaani deheni. Kisha gari likapandishwa kwenye lori, likapelekwa Masoko, nasi tukafuata kama maandamano ya Maulidi.

Mlinzi wa uwanja alikimbiza mbuzi. Watu walijaa pande zote mbili, waliokuwa na shughuli na wasiokuwa nazo. Yule mtaalamu akaketi, akawasha. Kwanza likakohoa, likatoa moshi wenye harufu ya papa wa kuchoma, watu wakacheka. Kisha silinda zote kumi na mbili zikakubaliana. Kicheko kilikatika. Sauti ile sijui niifananishe na nini. Haikuwa ngurumo wala si mngurumo wa mnyama. Ilikuwa kama dufu nyingi zinazopigwa na watu wanaojuana, na mbuzi waliokwisha kukimbizwa walirudi wenyewe kusikiliza.

Alikwenda na kurudi, akashuka analia, akampa Dereva ufunguo. Dereva alivua makubadhi, akaomba maji, akanawa miguu. Halafu akamwita Mwenyekiti mbele ya watu wote.

"Mtani, panda. Ulitaka injini, njoo uisikie kwa matako."

Mwenyekiti alitazama kulia na kushoto. Kukataa kungeimbwa mpaka kwa wajukuu. Akapanda, kofia kichwani, mkono mmoja akiwapungia raia. Gari likaondoka. Naapa lilifika mwisho wa uwanja kabla vumbi halijajua. Liliporudi, Mwenyekiti alishuka akishika mlango kwa mikono miwili, kichwa wazi.

"Kofia yangu iko wapi?"

"Lindi," Dereva alimjibu. "Ukitaka tuifuate."

Watu walilala chini kwa kucheka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka machozi, na alipopata pumzi akageuka kwa kamati yake akasema, "Hili lisiguswe na spana ya mtu. Na kila Idi liwashwe, watoto wasikie." Ikawa desturi. Baada ya swala ya Idi, kabla ya pilau, kijiji kilikusanyika kwa Dereva, gari likawashwa kwa petroli kidogo iliyotunzwa kwenye chupa, likasema maneno yake, likazimwa. Kisha tulipeana mikono. Na upande wa pili wa barabara mashine ya kusaga ililia kila siku, na viganja vya wanawake wa Mitole vikapona.

Mara ya mwisho kuketi naye kwa kirefu, nilikuwa nimehamia Nangurukuru na kibanda changu cha samaki, na ujamaa wenyewe ulikuwa umeanza kupunguza sauti. Nilikwenda Mitole kumjulia hali. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini mikono ilikuwa inateleza kwa mafuta kama zamani. Alinitambua kwa salamu.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, mchuuzi. Bado unauza uongo na ng'onda?"

Wajukuu zake walikuwa wamejaa uani. Walinizunguka, nikaona nafasi. Nikaanza: palikuwa na nyangumi, mkubwa kama Kilwa Kisiwani. Mkewe alikuwa anachambua mchicha. Akaweka ungo chini.

"Wewe baba, mtu mzima umesoma, bado unasema hayo?"

"Bibi, si ndivyo ilivyokuwa? Nyangumi alimeza amana ya watu Lindi..."

"Amana gani," alisema. "Gari ni lake."

Nilimtazama Dereva. Alikuwa anatabasamu kuelekea upande ambao mimi sikuwepo.

"Bwana alipoondoka," mkewe aliendelea, "alimpa ufunguo gatini, mbele yangu. Akamwambia hili ni lako, wewe ndiye unayelijua. Sasa nyakati zile, mtu wa kwetu aseme ana gari kama lile, mngemwitaje?"

Nilijua tungemwitaje, na ningekuwa wa kwanza.

"Mngemwita bepari," alijijibu mwenyewe, "na gari lingekwenda. Basi akasema amana, mkaliheshimu."

"Na nikalizoea," Dereva aliongeza. "Kwa kuliita la mtu nikalitunza kama la mtu. Lingekuwa langu mdomoni, mchuuzi, ningekwishaligawa skrubu moja moja kama kile kitanda." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mjukuu wake wa kike, yule ambaye sasa ndiye aliyelizungusha gurudumu kila Ijumaa. "Sasa ni la huyu. Nimemwambia mbele ya Mwenyekiti. Huyu hahitaji kulificha."

Msichana aliinuka kwenda kuleta birika anawe miguu, maana ilikuwa Ijumaa. Mimi nilibaki nimeshika kikombe. Sikujali kupokonywa amana, nilipewa kitu kizuri zaidi badala yake. Lakini mtu ana haki ya kujaribu kuokoa kilichobaki.

"Sawa, bibi," nikasema. "Lakini pale pwani, asubuhi ile. Lililowa. Linanuka. Na nyangumi yuko palepale."

Mkewe aliuchukua ungo wake, akarudi kwenye mchicha.

"Lililetwa usiku na tishali, lile boti pana la mizigo, kutoka Lindi, juu ya magunia ya ng'onda," alisema. "Nyangumi alijifia zake tu."